Pishi la Karafuu na Umri wa Kioo

Jioni za msimu, kambini Pemba, karafuu mbichi zikisha kuchambuliwa makonyo yake, wachumaji hujipanga kupimiwa, kwa kuwa ujira wao huhesabiwa kwa pishi. Karafuu zikimiminwa tu, pishi hujaa upesi. Lakini mpimaji akiigonga ubavuni kwa kiganja, au akiitua chini kwa kishindo kidogo, usawa wake hushuka na hupatikana nafasi ya konzi moja zaidi. Hapo ndipo maneno huanza. Nilipokuwa mdogo nilimsikia mama mmoja mchumaji akimwambia mpimaji, kwa upole uliokuwa na makali ndani yake, "Mwanangu, pishi hupimwa, haishindiliwi."

Mama yule alikuwa akitetea jasho lake, lakini kauli yake inafaa kuwa mlango wa kuingilia jambo gumu la fizikia. Pishi ilipogongwa haikuongezwa karafuu hata moja, wala hakuna karafuu iliyogeuka kuwa kitu kingine. Kilichobadilika ni namna zilivyopangana, na kwa kubadilika huko peke yake ujazo ukapungua. Kioo nacho, kiwe cha dirisha, cha chemni ya taa au cha simu, hupitia mabadiliko ya aina hiyo tangu siku kinapopoa. Atomi zake hubaki zilezile na kwa idadi ileile, ila hujipanga upya kidogo kidogo, na hali hiyo wanasayansi huiita kuzeeka kwa kioo, au kutulia kwake.

Neno kuzeeka lina maana mbili, na ni vyema zitenganishwe mapema. Shanga za kioo zinazofukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyofanya biashara na nchi za Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, zimelala ardhini muda wote huo, na unyevu wa udongo huweza kunyonya sodiamu kutoka kwenye uso wa kioo kama hicho na kuuacha umefifia. Hayo ni mabadiliko ya kikemia: kitu kimetoka, kingine kimeingia. Ndoo ya plastiki inayopasuka kwa kuachwa juani miaka mingi nayo ni ya kundi hilo. Kuzeeka tunakokuzungumzia hapa hakutoi kitu wala hakuingizi kitu, na kungetokea hata kama kioo kingefungiwa ndani ya kasha lisilopitisha hewa, mwanga wala maji.

Kinachotulia ni mpangilio, kwa hiyo inafaa kuutazama mpangilio wenyewe kwa karibu. Ndani ya kioo cha kawaida, ambacho karibu robo tatu yake ni silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, kila atomi ya silikoni imezungukwa na atomi nne za oksijeni zilizokaa kwenye pembe nne za piramidi ndogo, na umbali kati ya silikoni na oksijeni ni karibu nanomita 0.16 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Umbali huo karibu haubadiliki uende popote ndani ya kioo, na unalingana na ule ulio ndani ya fuwele za kwatzi, yaani silika ambayo atomi zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia. Kila oksijeni hushikwa na piramidi mbili, na hivyo piramidi huungana pembe kwa pembe kuwa wavu. Tofauti ya kioo na fuwele huanza pale tunapouliza piramidi ya pili imeelekea wapi. Katika fuwele jibu ni moja daima. Katika kioo, pembe kati ya piramidi mbili jirani huweza kuwa popote kuanzia kama digrii 120 hadi 180, na piramidi zinazoshikana mikono kuwa pete huweza kuwa tano, sita, saba au zaidi. Picha hii ya wavu usio na mpango wa mbali ilielezwa na William Zachariasen mwaka 1932, na mpaka leo ndiyo wengi huanzia nayo.

Msomaji wa Unguja ana mfano wake mlangoni. Majumba ya Michenzani yamenyooka safu kwa safu, na mtu akiliona moja huweza kukisia la mbele yake liko wapi. Mji Mkongwe nao, nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya aina moja, chokaa ya aina moja na boriti za urefu unaokaribiana, na ukisimama ndani ya chumba kimoja utadhani umo ndani ya kingine. Lakini vichochoro vyake havifuati mstari, na mgeni hupotea kwenye kona ya tatu. Kioo ni Mji Mkongwe wa atomi. Ndiyo maana eksirei zikipitishwa katika fuwele huacha nukta kali zilizopangika, na zikipitishwa katika kioo huacha miduara mipana iliyofifia: ujirani wa karibu unaonekana, ramani ya mji haionekani. Sodiamu na kalsiamu zinazotiwa ili kioo kiyeyuke kwa moto wa wastani hukata baadhi ya viungo vya oksijeni, na kuuacha wavu ukiwa na ncha zinazoning'inia na mashimo wanamokaa wageni hao.

Vurugu hiyo imetoka wapi? Imetoka katika haraka. Maji yana nyuzi zao za kuganda, lakini kioo hakina. Kikipoa, mnato wake, yaani uzito wa kutiririka kwake, huongezeka tu, kwa kasi ya ajabu, bila siku ya kuhama kutoka umajimaji hadi ugumu. Kioo cha dirisha kinapofika karibu na digrii 550 za Selsiasi, mnato wake huwa umefikia kiasi cha paskali-sekunde trilioni moja, wakati maji ya kisima yana sehemu moja tu ya elfu ya paskali-sekunde, kipimo cha mnato. Katika halijoto hiyo, inayoitwa ya mpito wa kioo, atomi huhitaji dakika moja au mbili ili kuhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Shusha joto kidogo, muda huo huwa masaa. Shusha tena, huwa miaka, kisha karne. Tanuri haingoji karne. Atomi hukamatwa njiani, zikiwa bado na mpangilio wa majimaji ya moto, na mpangilio huo ndio tunaoubeba nyumbani kwa jina la bilauri.

Kwa sababu hiyo vioo viwili vya mchanganyiko uleule si lazima viwe kitu kimoja. Kilichopozwa haraka hukamatwa kikiwa bado na joto jingi, kwa hiyo hulegea zaidi na kubakiwa na nishati zaidi. Kilichopozwa taratibu hupata muda wa kushikamana. Mmarekani Arthur Tool, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1946, alipendekeza kila kioo kipewe halijoto mbili: ile inayosomwa kwa kipimajoto, na nyingine ya kubuni, yaani halijoto ya majimaji ambayo mpangilio wake unafanana na wa kioo hicho. Bilauri iliyo mezani ina digrii 30 za hewa ya leo, lakini atomi zake zimekaa kama zilivyokaa katika digrii mia tano na kitu. Kuzeeka, kwa lugha ya Tool, ni ile halijoto ya pili kuteremka polepole kuifuata ya kwanza. Naona hii ni fikra nzuri kuliko zote katika elimu ya vioo, ingawa, kama tutakavyoona, haitoshi.

Sasa, atomi zinazotulia hufanya nini hasa? Kosa la kawaida ni kufikiri kwamba kila atomi inasogea karibu zaidi na jirani yake. Urefu wa kiungo cha silikoni na oksijeni hubadilika kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa kiungo hicho ni kikali na hakiingii katika mjadala. Kinachobadilika ni kile kilichokuwa legevu tangu mwanzo. Pembe kati ya piramidi, ambazo zilikuwa zimetawanyika sana, hukusanyika zaidi kuzunguka wastani wake. Pete zilizokuwa zimejibana au kujinyoosha kupita kiasi hufunguka na kuungana upya kwa maumbo yasiyo na mkazo. Mashimo madogo hupungua, na sodiamu iliyokuwa imekaa mahali pasipoifaa husogea hadi kwenye kitanda chake. Wala atomi haiendi peke yake: kama mtu wa katikati ya umati, haiwezi kupiga hatua mpaka jirani zake kadhaa wasogee pamoja nayo, na kadiri kioo kinavyoshikamana ndivyo idadi ya wanaopaswa kusogea pamoja inavyoongezeka.

Silika tupu, isiyotiwa sodiamu, ni mkaidi. Yenyewe, ikipozwa kutoka halijoto ya juu zaidi, ndani ya mipaka fulani, hutoka nzito zaidi badala ya nyepesi, kwa sababu joto huzipunguza pembe kati ya piramidi na kuufanya wavu ujikunje. Ikitulia, basi, hutanuka. Tukio hili linafaa kumzuia mtu asiseme kwamba kutulia ni kubana. Kutulia ni kushuka kinishati, na kubana ni matokeo ya kawaida tu, si sheria.

Anayeijua Pemba ataielewa hali hii bila hesabu. Nchi ile ni vilima na mabonde, na ndani ya bonde mna vibonde vingine. Fikiri mtu anatembea usiku bila taa akitaka kufika chini kabisa. Kila mpangilio wa atomi ni mahali pamoja katika nchi hiyo, na kimo cha mahali ni nishati yake. Fuwele ipo kwenye usawa wa bahari. Kioo kilichopoa haraka kimesimama ndani ya kibonde cha mlimani. Mtikisiko wa joto humsukuma msafiri mara kwa mara kuvuka ukingo mdogo, na kila akivuka hujikuta chini kidogo, lakini kingo za vibonde vya chini ni ndefu zaidi kuliko za juu, na nguvu za kumpandisha ni zilezile. Baharini haoni dalili ya kufika.

Katika vioo vya metali picha hii imepata sura ya kushikika. Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake huko California walipoza mchanganyiko wa dhahabu na silikoni kwa kasi ya kiasi cha digrii milioni moja kwa sekunde, na metali ikaganda bila kupata nafasi ya kuwa fuwele. Hapa hakuna piramidi. Atomi ni kama mipira iliyosongamana. Charles Frank alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1952 kwamba atomi moja ikizungukwa na kumi na mbili, katika umbo lenye nyuso ishirini za pembetatu, kikundi hicho cha atomi 13 huwa na nishati ndogo kuliko kikundi cha idadi hiyo kilichokatwa kutoka kwenye fuwele ya kawaida. Lakini umbo hilo haliwezi kurudiwa likaijaza nafasi yote bila kuacha mianya. Kioo cha shaba na zirkoniamu kinapotulia, vikundi vya namna hii kuzunguka atomi za shaba huongezeka na kushikamana, na sehemu dhaifu kati yake hupungua. Bei yake ni kwamba sehemu hizo dhaifu ndizo zilizokuwa zikiiruhusu metali ipinde. Kioo cha metali kilichotulia sana huwa kizito kidogo zaidi, kigumu zaidi, na chepesi kuvunjika.

Turudi kwenye pishi, maana ina jambo jingine la kutufundisha, nalo ni mwendo. Kishindo cha kwanza huzishusha karafuu kwa kiasi kinachoonekana. Cha kumi hakionekani. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1995, watafiti walijaza vishanga vya kioo ndani ya bomba na kulitikisa maelfu kwa maelfu ya mara, na ujazo ukaendelea kupungua hadi mwisho, ila kila hatua ikawa nzito kuliko iliyotangulia, kwa sababu nafasi iliyobaki ndiyo iliyotakiwa itumike kusogea. Atomi hazihitaji mkono wa mpimaji. Joto lenyewe huzitikisa, lakini tabia ni ileile. Mwingereza James Joule aliiona bila kuitafuta. Kuanzia mwaka 1844 hadi 1882, miaka 38, alikuwa akiingiza kipimajoto chake cha zebaki ndani ya barafu, na kila mara sifuri ilisomeka juu kidogo kuliko awali. Tunguu ya kioo, yaani kile kifuko cha kipimajoto kinachobeba zebaki, ilikuwa ikinywea na kuisukuma zebaki. Jumla yake ilikuwa kama nusu digrii ya Selsiasi, na karibu nusu ya hiyo ilitokea katika miaka michache ya mwanzo. Miaka ya 1880 iligunduliwa kwamba kosa hilo huzidi pale kioo kinapochanganywa sodiamu na potasiamu pamoja, na Otto Schott, huko Jena, Ujerumani, akatengeneza vioo vya vipimajoto vilivyolikwepa.

Mstari wa kasi inayopungua namna hii ulikuwa umeshaandikwa kihesabu na Rudolf Kohlrausch mwaka 1854, alipokuwa akichunguza chaji ya umeme inayovuja kutoka kwenye chupa ya kioo. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Corning walichapisha vipimo vya bamba la kioo cha simu, lenye upana wa kama mita moja, lililoachwa katika halijoto ya chumba kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Lilipungua kwa mikromita 10 hivi, chini ya unene wa unywele, na lilipungua kwa mstari wa Kohlrausch. Mwenye simu hana la kuhofia. Mtengenezaji anayechora saketi juu ya bamba kwa usahihi wa mikromita analo.

Nilisema fikra ya Tool haitoshi, na aliyeonyesha upungufu wake waziwazi ni André Kovacs wa Strasbourg, mwaka 1963, kwa kutumia polima, yaani kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo, iliyomo katika gundi nyeupe ya mbao. Aliipoza ghafla, akaiacha itulie kwa muda katika halijoto ya chini, kisha akaipandisha hadi halijoto ambayo ujazo iliokuwa nao tayari ndio uliostahili. Kama halijoto moja ya kubuni ingetosha kueleza kioo, polima hiyo ingekaa kimya. Haikukaa. Ilitanuka kwanza, ikafika kilele, kisha ikarudi pale ilipoanzia. Sababu ni kwamba ndani yake mlikuwa na sehemu nyepesi kusogea na sehemu nzito, na wastani wake tu ndio uliokuwa umelingana. Sehemu moja ilikuwa imetulia kupita kiasi, nyingine haijatosha, na kila moja ikalipa deni lake kwa wakati wake. Pishi mbili za usawa mmoja zaweza kuwa zimegongwa tofauti.

Hapa ndipo pa kuizungumzia hadithi inayosimuliwa wageni wanapoonyeshwa madirisha ya majumba ya zamani, kwamba kioo ni majimaji mazito, na kwamba vipande vya kale ni vinene chini kwa kuwa vimechuruzika. Unene usio sawa ulitokana na utengenezaji: mafundi walipuliza kioo na kukizungusha kwa mkono, na hakikutoka bapa. Kutulia na kuchuruzika ni mambo mawili. Kutulia ni atomi kusogea sehemu ndogo ya nanomita na kukaa vizuri zaidi palepale. Kuchuruzika kunazitaka zivunje viungo na kupishana bila kikomo. Mwaka 2017 watafiti walikadiria mwendo wa kioo chenye mchanganyiko wa zama za kati, kama cha Westminster Abbey mjini London, wakapata kwamba hakiwezi kuchuruzika zaidi ya nanomita moja hivi katika miaka bilioni moja.

Ukaribu na halijoto ya mpito ndio unaoamua kila kitu. Peremende ni kioo cha sukari. Ikiwa kavu, mpito wake uko juu ya joto la chumba, nayo hulia mdomoni inapovunjwa. Ikiachwa wazi siku za masika, unyevu unaoingia huteremsha mpito huo hadi chini ya joto letu, na asubuhi hukutwa imenata kwenye karatasi yake. Huko tumeshatoka kwenye kuzeeka na kurudi kwenye umajimaji.

Njia ya kukwepa subira imepatikana, na ni ile ambayo mama yule wa Pemba angeitambua mara moja: usimimine, weka moja moja. Mwaka 2007 kundi la Mark Ediger, Wisconsin, lilitengeneza vioo kwa kuziacha molekuli za mvuke zitue juu ya kibamba, kilichowekwa katika kiasi cha asilimia 85 ya halijoto ya mpito kwa kipimo cha Kelvini, kinachohesabu joto kuanzia sifuri halisi. Molekuli iliyo usoni haijafunikwa, kwa hiyo huhama kwa wepesi na kupata mahali pake kabla ya zinazofuata kuilalia. Kioo hicho kilikuwa na utulivu ambao kile cha kawaida kingeungoja kwa maelfu ya miaka. Tabaka za mwanga katika skrini za simu nyingi za leo huwekwa kwa mvuke vivyo hivyo.

Zanzibar yenyewe iliwahi kuuza kioo kilichozeeka, bila kukiita hivyo. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa msandarusi uliofukuliwa hasa pwani ya Mrima, ilipitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Wafanyabiashara waliitenga na chakazi, utomvu mchanga usiokomaa, uliokuwa na bei ya chini. Wazungu wakalipotosha neno hilo hadi likafanana na jina lao la punda. Utomvu mgumu hauna fuwele, kwa hiyo ni kioo, na ndani ya sandarusi kuzeeka kwa aina zote mbili kumeingiliana: mafuta mepesi yametoka na molekuli zimeungana, ambayo ni kemia na ndiyo hasa iliyoutofautisha utomvu mkomavu na ule usiokomaa, na juu ya hayo molekuli zimetulia, ambayo siyo kemia. Zitatenganishwaje?

Kwa moto. Mwaka 2013 watafiti wa Texas walichukua kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogeuka mgumu kama jiwe, ya Jamhuri ya Dominika, ndugu wa sandarusi kwa nasaba ya mti, yenye umri wa miaka milioni 20. Halijoto yake ya kubuni ilikuwa imeteremka zaidi ya digrii 40 chini ya mpito wake, masafa ambayo hakuna maabara ingeyafikia kwa kungoja. Kaharabu ikipashwa hadi kupita mpito, hufyonza nishati nyingi kwa ghafla, kwa kuwa molekuli zilizotulia hivyo hazikubali kuachana kwa urahisi, na kiasi cha nishati hiyo ndicho kinachosoma utulivu. Kisha hupozwa, na uzani wake kwa ujazo huwa umepungua kwa karibu asilimia 2. Viungo vya kikemia vimebaki. Kutulia kumefutwa chote. Kipande kilekile kikipashwa mara ya pili, chombo huonyesha kioo kilichozaliwa dakika chache zilizopita, hata kama mdudu aliyenaswa ndani yake ni yuleyule wa miaka milioni 20.